Yaya Alipotaka Kuishtaki Serikali

Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu Kongo, ndiye aliyenileta Durban na kunipa kazi katika saluni yake ya Berea. Mumewe alibaki Kongo kumuuguza mama yake. Jumapili moja bomu lililipuka ndani ya kanisa letu la kule nyumbani, na shemeji akafa akiwa bado anawaonyesha watu pa kukaa. Waliolitega walikamatwa. Mahakamani kule wakakiri kwamba baruti na mafunzo walipewa na maofisa wa serikali ya nchi nyingine. Wao wakafungwa. Serikali ile haikuulizwa neno.

Muda mrefu Yaya alisuka watu nywele bila kuzungumza. Kisha asubuhi moja alizima redio, akaniambia, "Twende kwa wakili. Nataka kuishtaki ile serikali. Iko na ubalozi katika nchi hii, basi mahali pa kuiitia iko."

Wakili aliyetupokea alikuwa mama wa Kihindi mwenye sauti ya upole; dirishani kwake zilionekana winchi za bandari. Alituambia kwa Kiingereza kwamba sheria ya hapa inazipa serikali za kigeni kinga. Nchi chache zimeiondoa kinga hiyo kwa serikali zinazosaidia magaidi, ili waliofiwa waweze kuzishtaki. Afrika Kusini bado. Hapa unaweza kudai tu kama mtu ameumia au amekufa ndani ya mipaka ya nchi.

"Anasema itakuwa vigumu kidogo," nikamtafsiria Yaya.

"Usinilainishie maneno. Amesema hapana."

Akamgeukia wakili kwa Kiingereza chake cha saluni. "Kama bwana yangu angekufa pale chini, kwenye robot, zile taa za barabarani, mngenisikiliza?"

Wakili alivua miwani. "Pengine ndiyo," akasema.

"Basi kosa lake ni kufia nyumbani."

Wakili alituambia kwamba wanaoweza kuibadilisha sheria ni wabunge, na kwamba mmoja wao angekutana na wananchi katika ukumbi mmoja wa Queensburgh. Yaya alifunga saluni siku hiyo, tukapanda taxi, yale mabasi madogo ya hapa.

Zamu yake ya kusema ilipofika ukumbini, nilisimama naye ili nitafsiri. Akanishika bega, akanikalisha. Alieleza yote mwenyewe, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu cha wateja wake: kanisa, bomu, watu waliolipia baruti na bado wanalala salama.

Mzee mmoja wa hapa akainuka nyuma. "Eish, mama. Sisi wenyewe tuna ndugu waliouawa, na kesi zao hazijasikilizwa mpaka leo."

Niliogopa. Yaya akamtazama. "Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja kusema mbele yenu."

Mbunge aliahidi kulifikisha jambo hilo mbele. Sheria haijabadilika mpaka sasa, na Yaya hajapata mahakama ya kumsikiliza, ingawa bado huenda kwenye mikutano ya namna ile kila anaposikia ipo. Lakini siku ile, tukiwa tunatoka, yule mzee alitungoja mlangoni. Alivua kofia, akamwuliza Yaya jina la marehemu mumewe. Yaya akamtajia. Mzee alilirudia jina lile polepole, akakosea, Yaya akamsahihisha, naye mzee akalirudia tena mpaka akalitamka sawasawa.

Ndani ya taxi Yaya alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba, na abiria wakampisha akae dirishani.