Siku Mbwa wa Mama Alipofungwa Kizazi

Mimi ni mwoga, na nalisema hilo mapema ili nisionekane ninajificha. Naogopa radi, naogopa pikipiki zinazoshuka mteremko zikiwa zimezimwa injini ili kuokoa mafuta, naogopa barua yenye mhuri. Kazi yangu ni ushonaji, sindano iko mkononi kutwa nzima, lakini nesi akishika ya kwake mimi naangalia ukutani. Kwa hiyo lilipopita tangazo mtaani kwetu, hapa Mbinga mjini, kwamba madaktari wa wanyama watakuja na gari lao kuwafunga kizazi mbwa na paka, bure, kwa siku moja tu, wenzangu walishangilia. Mimi nilijifanya sikusikia.

Mbwa mwenyewe hakuwa wangu, alikuwa wa mama. Jike wa rangi ya mchanga, sikio moja limelala, mkia umekatika nchani na hatujui ulikatikia wapi. Macho ya mama yameingia ukungu, siku hizi anaona mwanga na vivuli, basi. Mbwa ndiye aliyekuwa akimtoa nyumbani. Hakuna aliyemfundisha. Mama alishika kipande cha kamba shingoni mwake, akamwambia maneno mawili matatu ya Kimatengo, wakaenda chooni, wakaenda bombani, wakaenda misa ya asubuhi, na mbwa akalala nje ya mlango wa kanisa mpaka baraka ya mwisho. Mama anaongea Kiswahili na majirani na Kimatengo na mbwa. Kuna siku nilimwonea mbwa wivu, mtu mzima kama mimi.

Taabu ilikuwa inakuja mbwa akipata joto. Madume wa mtaa mzima walijaa uani kwetu, wakipigana mchana kweupe, na mara ya mwisho walimvaa mama akitoka jikoni wakamwangusha. Aliteguka kifundo cha mkono. Jirani yetu wa nyuma, anayefuga kuku, kuku wake wanne waliliwa na madume hao siku hiyohiyo. Alikuja kwenye ua, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba madume wakirudi tena ataweka sumu kwenye utumbo, na atakayeokota utumbo huo ni shauri yake. Angepiga kelele ningemjibu. Alivyosema taratibu vile, nilimwamini, na tangu siku ile kila nikimwona mbwa amenusa kitu chini nilikuwa naruka.

Sasa piga picha ya mama bila mbwa. Angekaa kitandani akinisubiri nifunge cherehani nije nimpeleke chooni. Mama yangu, aliyekuwa akitoka Maguu kwa miguu na mzigo wa maharage kichwani kuja mnadani! Ningemuua kabla ya siku zake. Ndiyo maana, pamoja na woga wangu wote, nilisema tutakwenda.

Sharti lilikuwa moja: mnyama asile kitu tangu jioni. Nilimweleza mama, akasema amesikia. Nikamfunga mbwa karibu na jiko, nikafunika sufuria.

Alfajiri nilikwenda kuweka jiwe. Kwetu foleni ni ya mawe, bombani ni hivyo, kliniki ni hivyo: unaweka jiwe lako, unarudi kumaliza kazi zako, na hakuna anayethubutu kuruka jiwe la mtu. Hema lilikuwa limesimamishwa mbele ya ghala kuukuu la kahawa, na jiwe langu lilikuwa la tisa. Nilirudi nyumbani nikamfungua mbwa. Mama alikuwa bado anasali rozari, akanipungia mkono tu.

Mbele yangu mezani alikuwa kaka mmoja aliyetoka Matiri na mbwa wawili ndani ya tenga, nyuma ya pikipiki. Binti aliyekuwa akiandikisha alimuuliza kama wamekula. Kaka wa watu akasema ukweli, kwamba mmoja alilamba uji wa watoto asubuhi.

"Huyo leo hapana," binti akasema. "Akitapika amelala, chakula kinaingia kwenye mapafu. Anakufa."

"Mtarudi lini?"

"Hatujui, kaka."

Akaanza kumrudisha yule wa uji kwenye tenga. Ikafika zamu yangu. Niliulizwa kama wangu amekula nikasema hajala, na Mungu anajua nilikuwa nasema nilichokijua. Wakamchoma sindano ya kulewesha, nikaangalia ukutani mwa ghala, kisha wakamlaza kwenye turubai kivulini pamoja na wengine. Miguu ilimlegea, ulimi ukatoka.

Ndipo mama akafika, ameshikwa mkono na mama muuza mboga wa mtaani kwetu. Akakaa chini kwenye turubai, akapapasa mpaka akakipata kichwa cha mbwa.

"Amelala?"

"Amelala, mama."

"Afadhali. Nimempa kitonge cha ugali na usipa wachache. Ulipokwenda kuweka jiwe."

Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa, wanatuletea kutoka Mbamba Bay wakiwa wamekauka. Nilimuuliza kwa nini.

"Mtu hatolewi nyumbani kwenda kupasuliwa na tumbo tupu," mama akasema. "Hata baba yako siku ile ya kupasuliwa ngiri nilimpa uji kwa siri, na alipona. Nilijua wanakataza kwa sababu wanaogopa kuchafuliwa. Mbwa wangu hachafui."

Alikuwa ana furaha.

Binti wa mezani alikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa. Ilikuwa ni kumwita tu. Lakini nikimwita, mbwa anarudishwa kama yule wa Matiri, na madume watakuja, na utumbo utawekwa. Tena mama angesikia, mbele ya watu wote, kwamba kitonge chake kinaweza kumuua mbwa wake. Nikajiambia usipa ni wadogo. Nikajiambia mbwa huyu amekula mizoga na hajawahi kuumwa. Woga wangu ukianza kujitetea hauishiwi maneno. Jirani yetu kwenye turubai alikuwa mbwa mweusi, wanamnyoa tumbo kwa mashine, na mimi nikaiangalia mashine ile ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, hadi tumbo likawa jeupe. Wakamwingiza hemani. Baada yake wakamnyanyua wa kwetu, na mimi bado sijafungua mdomo.

Nilichosikia kutoka ndani ya hema kilikuwa kama mtu anayekoroma huku amezibwa pua. Nikakimbia.

"Daktari, amekula! Amekula asubuhi!"

Daktari alikuwa mama wa makamo. Hakuniangalia. Walikuwa wameshamlaza ubavu, kichwa kinaning'inia nje ya meza, na mmoja anachota kwa kitambaa kinywani mwake. Ulitoka ugali. Wakatoka usipa, wazima, na macho yao. Ulimi wa mbwa ulikuwa umegeuka rangi ya wino. Walimbonyeza mbavu, wakampitishia mpira wa kupumulia kooni, wakambonyeza tena, na mimi nikasali kwa sauti bila kujali nani ananisikia. Nilikuwa nimeahidi kwenda kuhiji Peramiho kwa miguu wakati mbavu zilipoinuka zenyewe.

Walimaliza kazi yao kwa kuwa mpira ulikuwa umeshaingia. Kisha daktari akatoka nje, glavu bado mkononi.

"Nani alimlisha mbwa huyu?"

Nilikuwa nimesharudi kando ya mama, na vidole vyake vikanibana mkono.

"Ni mimi," nikasema.

Alinisema, na alinisema vizuri. Kwamba nimewadanganya, kwamba mnyama hana mdomo wa kujieleza, kwamba mtu na akili zake anaulizwa swali jepesi anajibu uongo. Nilikubali yote. Akamaliza kwa kusema tumsikilize kwa siku tatu, akikohoa au akihema kwa shida tusikae naye nyumbani.

Tulimrudisha kwa toroli. Siku tatu zile sikushona kitu cha maana. Nilikosea hata kipimo cha suruali ya shule. Mbwa alikohoa siku ya kwanza, akakohoa ya pili, daktari wa mifugo wa hapa mjini akaja kumchoma sindano. Mama alikaa naye sakafuni, sikio karibu na mbavu zake. Siku ya nne asubuhi mbwa alisimama, akajinyoosha, akanywa maji.

Mama akacheka, kisha akalia. Alinivuta nikakaa naye, akanishika mkono.

"Mwanangu, pale ghalani nilikusikia ukisema ni wewe. Nilitaka kusema ni mimi, mdomo ukakataa. Niliogopa. Nikakuacha utukanwe kwa kosa langu."

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Wewe ulikimbia ukamwokoa. Nilisikia miguu yako. Mimi nilikaa."

Ningenyamaza hapo, ningebaki shujaa wa mama yangu mpaka leo. Sijui kwa nini safari ile nilishindwa kunyamaza, mimi ninayejua kunyamaza kuliko watu wote.

"Na mimi nilikaa," nikasema. "Uliponiambia amekula, sikukimbia. Nilikimbia baadaye."

"Baada ya muda gani?"

"Mpaka walipomaliza kumnyoa yule mwingine, wakamwingiza, kisha wakamwingiza na wetu."

Mama hakuwa ameona kunyolewa kule, lakini mashine alikuwa ameisikia mwanzo mpaka mwisho. Akapima kichwani ni muda gani iliunguruma. Kisha mkono wake ukatoka kwenye wangu, ukapapasa sakafu, ukamtafuta mbwa.