Nilivyokosea Umri wa Tembo Mweupe

Nilimvunja mtu meno mawili sebuleni kwangu Brooklyn Park kwa sababu ya nishani ya mfalme wa Siam, nchi ya Wathai. Nasimulia mwenyewe, maana kanisani kwetu ngumi moja ikifika Jumapili huwa imeshakuwa panga.

Nishani za namna hiyo nimezikusanya miaka kumi na minane. Ya kwanza niliikuta kwenye mnada wa vitu vya marehemu, imetupwa kwenye bakuli la vifungo. Kithai sisomi hata herufi moja, na shule niliiacha darasa la tatu. Lakini fedha naijua. Fundi sonara aliyenifunza Mombasa alikuwa na koleo jekundu la motoni, na ukikosea umri wa bangili alikugusisha nalo mkononi. Makovu ninayo manne, na kila moja ni somo.

Somo kubwa lilikuwa hili: tafuta palipolika. Ngozi ya mwanamke huila bangili polepole, kila siku, miaka yote. Kingo zikiwa laini kama sabuni iliyotumika, hiyo ni ya bibi yake. Zikikukwaruza, ni ya juzi.

Mke wangu alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee Saint Louis Park, na mpishi wa pale alikuwa mjane wa Kithai. Siku moja alasiri mjane huyo alikuja kwetu na nishani ya Tembo Mweupe, ile ndogo inayoning'inia kifuani kwa utepe mwekundu. Alikuja na mtoto wa kambo, mwanamume wa miaka hamsini, kifua kama mlango. Mjane alisema nishani ni ya babu yake, karani wa serikali. Hana picha ya babu wala kaburi la kwenda. Ana hiyo tu. Mtoto wa kambo alisema ni ya baba yake, yaani mume wa mjane, aliyekuwa ofisa wa reli huko kwao. Jumamosi iliyokuwa ikija ingekuwa siku ya mia tangu baba afe, siku ambayo kwao marehemu hufanyiwa kumbukumbu, na alitaka nishani iwekwe mbele ya picha yake hekaluni. Walikuwa wamekubaliana kwamba nitakachosema mimi ndicho kitakuwa.

Muundo wa nishani hii ulibadilishwa siku za babu huyo, na baada ya hapo haukuguswa sana. Kwa macho tu, ya babu na ya mume ni mapacha. Nikaipitisha kidole. Ncha za taji zimelika, mkonga umelika.

"Ya babu," nikasema, nikarudisha miwani mfukoni.

Mke wangu akaniinamia. "Mzee wangu, si uilalie kwanza, ujibu kesho?"

Nikamwambia mimi si daktari, sisubiri majibu ya damu. Nikamweleza yule bwana habari ya ngozi na bangili. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Umeshawahi kuona mtu akienda sokoni na nishani?" akauliza. "Baba aliivaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Lakini kila Jumamosi aliisugua kwa unga wa kung'arishia na kitambaa mpaka kidole gumba kikawa cheusi. Haikuliwa na ngozi. Ililiwa na baba yangu."

Ningeishia hapo. Lakini akaongeza kwamba mzee asiyejua kusoma hana cha kusoma kwenye nishani ya watu, akanyoosha mkono aichukue. Nilimpiga kabla mkono haujafika. Nilisikia meno yakivunjika kwenye vifundo vyangu. Naye hakuwa mtu wa kulia. Alinitia kiwiko ubavuni, mfupa ukaitika, tukaangukia meza, meza ikatuangukia. Nilimkaba. Akaning'ata bega kwa meno yaliyobaki. Mjane alichukua chupa ya chai akanigonga nayo kisogoni, mimi niliyekuwa namtetea.

Nilipojaribu kusimama nikasikia kitu kikipasuka chini ya buti langu.

Enameli, ile rangi ya kioo ya nishani, ilikuwa imetawanyika zuliani kama ganda la yai, na tembo amebanduka. Nikamwokota, damu inanichuruzika shingoni, nikamgeuza. Miaka ishirini na miwili nilisimamia mashine ya kukandamiza bati kiwandani Fridley, na vidole viwili vyangu vimebaki huko. Ukingo unaoachwa na mashine siwezi kuusahau. Tembo alikuwa mtupu ndani, amekandamizwa kwa pigo moja. Nina nishani mbili za siku za babu, na tembo wake wamechongwa kwa mkono. Nyuma utaona patasi ilipopita.

Hakuna mwingine aliyeona. Yule bwana alikuwa amekaa sakafuni na taulo la mke wangu mdomoni. Mjane alikuwa amesimama bado na chupa yake. Ningeweza kufumba kiganja.

"Ni ya baba yako," nikasema.

Mjane aliiweka chupa juu ya friji taratibu, akachukua mkoba wake, akatoka. Huko kazini aliongea na mke wangu mambo ya jikoni tu. Mimi hajanisalimu mpaka leo, na simlaumu. Nilimpa babu yake kwa neno moja nikamnyang'anya kwa lingine.

Polisi hawakuitwa. Yule bwana alisema hataki siku ya mia ya baba yake ichanganyike na mahakama. Ilinichukua siku mbili kumrudisha tembo mahali pake, ubavu unaniuma kila nikiinama. Enameli sikuijazia rangi, kudanganya sikufunzwa.

Ijumaa alikuja kuichukua, mdomo umevimba. Akauliza kwenye kadi ya kuweka kando yake hekaluni aandike ni ya mwaka gani. Niliitazama nishani mbele na nyuma, nikiwa na jibu la kubahatisha tayari ulimini.

"Sijui," nikamwambia.

Akaifunga kwenye leso, akaondoka. Kadi aliiandikaje, sijui, hekaluni sikualikwa.