Kikao cha Mtu Mmoja

Mume wangu ni karani wa masjala, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake kubwa imekuwa kuandika mihtasari ya vikao vya watu wengine. Mwaka jana ofisi yao iliwapeleka semina ya siku tatu kuhusu kujiongoza. Akarudi na mkoba, kalamu mbili, cheti chenye muhuri na mwendo wa mtu aliyepandishwa cheo. Mwezeshaji alikuwa amewaambia kwamba kila mtu ni taasisi, basi ajiendeshe kama taasisi. Maskini mwezeshaji, hakujua anaongea na nani.

Jumapili iliyofuata, saa tatu asubuhi, bwana mkubwa aliketi peke yake kwenye meza ya chakula pale jikoni, akavaa miwani, akafungua jalada jipya la kijani na kutangaza kwamba kikao kimeanza. Mimi nilikuwa namenya viazi. Nikageuka kuona amekuja nani. Hakuna aliyekuja.

"Mume wangu, u mzima kweli?"

"Usiingilie, mama. Wewe si mjumbe."

Nikarudi kwenye viazi vyangu. Tangu siku hiyo, kila Jumapili, yeye alikuwa mwenyekiti, yeye katibu, yeye wajumbe wote. Chai ya kikao, bila shaka, nilipika mimi. Maazimio yalipita kwa kauli moja, sijui nani angepinga. Ajenda ya kwanza ilikuwa kuamka saa kumi na moja alfajiri, na ikapitishwa mara nyingi sana na mtu aliyeamka saa mbili. Ajenda ya tatu ilikuwa kujifunza kompyuta, nayo ikaahirishwa ili kutoa nafasi ya tafakuri zaidi.

Cheti alikitundika sebuleni, kwenye msumari uliokuwa wazi kwa miaka miwili. Zamani palikuwa na picha ya binti yetu. Binti aliacha kazi ya mapokezi, ya viatu virefu na kuchekea watu siku nzima, akaenda kujifunza ufundi bomba. Baba yake akamwambia mbele ya wageni, tena kwa sauti, "Mimi sina mtoto wa kuzibua vyoo." Binti akaweka kijiko chini, akatuaga kwa adabu, akaondoka. Leo ana mafundi watatu chini yake, na hajahudhuria semina hata moja. Mimi huongea naye kwa simu nikiwa nimejifungia bafuni, kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa nimechoka. Nilichotaka ni mwanangu aketi tena kwenye meza ile, basi.

Sasa, koki ya jikoni ilianza kuvuja mwezi uleule wa semina. Nikamwambia. Akanijibu kwamba imeingizwa kwenye ajenda, namba mbili. Wiki ya nane nikamuuliza tena, ndoo yangu ikiwa imejaa.

"Imeundiwa kamati ndogo," akasema.

"Kamati ya nani?"

"Yangu."

Nikamwaga ndoo. Niliendelea kumwaga ndoo miezi na miezi, mpaka Jumapili moja, katikati ya kikao, koki ikang'oka yenyewe. Maji yakaruka mpaka darini, yakamshukia mwenyekiti, yakalizoa jalada mezani na kulitupa chini. Akasimama na kalamu mkononi, analoa.

"Fundi! Tafuta fundi!"

Nikamtafuta. Fundi bomba ninayemjua ni mmoja tu.

Binti alifika na sanduku lake la spana kabla maji hayajafika chumbani. "Shikamoo, baba," akasema, akipita. "Marahaba," baba akajibu, akiitazama kalamu yake. Binti akatoka nje, akafunga koki kubwa ya kukata maji ya nyumba nzima, ambayo mkuu wa taasisi hakujua iko wapi, ingawa tumekaa hapa miaka kumi na mitano. Akarudi, akaweka koki mpya jikoni, akapiga deki bila kuombwa. Kisha akaliokota lile jalada la kijani na kuanza kutenganisha karatasi.

"Acha, hizo ni nyaraka za siri!" baba akaruka.

"Zitashikana, baba." Akaendelea kuzitandaza mezani, moja moja. Halafu mikono yake ikasimama.

Nikasogea kuangalia. Ajenda ya nne: kumpigia binti yangu na kumwomba radhi. Imeahirishwa, mwenyekiti hakupata maneno. Karatasi ya pili: imeahirishwa, mwenyekiti alishika simu akaiweka. Karatasi ya kumi na tano: mwenyekiti alipiga, ilipopokelewa akakata. Jumapili arobaini na moja, na hakuna hata moja aliyoiruka.

"Nilidhani simu imejipiga yenyewe mfukoni," binti akasema polepole.

Miezi yote hiyo nilikuwa nalicheka jalada lile na sikuwahi kulifungua. Nikaona aibu, lakini aibu hiyo haikumaliza hasira yangu kwa mume wangu. Mtu anaandika mara arobaini na moja kitu cha kusema mara moja!

Binti akafuta mikono, akavuta kiti, akaketi mkabala na baba yake.

"Kikao kimefungwa?"

"Bado."

"Basi tuko ajenda ya nne."

Baba akakohoa. "Napendekeza tuahirishe, mpaka..."

"Wajumbe wawili tumekataa," nikasema, nikaketi na mimi.

Akatuangalia. Maji yalikuwa bado yanamdondoka puani. Akavua miwani, na bila miwani hawezi kusoma chochote.

"Nilikosea, mwanangu," akasema. "Nisamehe."

Kisha, kwa mazoea, mkono wake ukaanza kupapasa mezani ukitafuta kalamu. Binti akaiwahi, akaiweka kwenye sanduku la spana.

"Usiandike, baba. Sema tena."

Akasema tena.