Kisiwa Kisicho na Chumvi

Nimestaafu. Karibu nafanya mtihani wa kidato cha nne, na mtahiniwa hatembei na kichupa mfukoni. Basi ninyi wa kidato cha kwanza mnaorithi kazi ya kupima chumvi, msikilizeni mzee wenu.

Siku yangu ya kwanza kazini Mwalimu wa Afya alinikabidhi kichupa cha dawa. Unadondosha tone juu ya chumvi. Ikigeuka zambarau ina madini joto, ikibaki nyeupe haina. Nikauliza madini hayo ya nini. Akanishika shingo chini kidogo ya koromeo, nikadhani nimeshakosa.

"Hapa pana tezi," akasema, "umbo lake kama kipepeo, mabawa yamekumbatia bomba la hewa. Ndiyo inayoamua mwili uende mbio au ujikokote. Ikikosa madini joto huvimba, ikawa rovu."

Akanifundisha pia kuitambua: mpe mtu maji, akimeza uvimbe ukapanda na kushuka, hiyo ni tezi. Ikizembea, mtu hunenepa, husikia baridi, husinzia. Nikamshuku jirani yangu wa dawati. Kumbe yule ni mvivu tu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa darasa letu, kila mmoja alete chumvi ya kwao. Zote zikawa zambarau, rangi ile ile, chembe zile zile. Nikashuku tena. Walizionea haya za majikoni mwao, wakachota wote kwenye pakiti moja ya dukani Kilindoni. Nilipomweleza Mwalimu, akanikabidhi kwa Bwana Afya, nizifuate chumvi huko huko zilipo.

Tukavuka kwenda kisiwa cha Juani. Bwana Afya kavaa kaki, na hapo ndipo tulipoharibu. Miaka hii ya hifadhi ya bahari, mtu wa kaki akishuka akaulizia chumvi, watu wana hesabu yao: chumvi nyingi ni samaki wengi waliokaushwa, na samaki wengi utaulizwa umewavua wapi, kwa wavu gani. Nyumba ya kwanza, chumvi hamna. Ya pili, imekwisha jana. Kisiwa kizima hakina chumvi, na ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, wananukia mpaka njiani.

Tumaini langu likabaki kwa Shangazi Mwanakombo. Nilimkuta amekonda, ingawa chakula anakula. Mikono inamtetemeka, jasho linamtoka kivulini, moyo unamwenda mbio. Shingoni kajizungushia mtandio. Ananong'ona kuwa mke mwenzake, Bi Zuhura, kamtupia kitu.

"Shikamoo, shangazi. Chumvi ipo?"

"Marahaba. Hamna. Na huyo wa kaki umemleta wa nini?"

Akanipa maji. Nikayatazama kwenye kata, nikamwambia siku hizi hakuna wa kuaminiwa, aanze yeye.

"Mtoto mwana laana wewe," akasema, akainua kata akanywa. Mtandio ukateleza. Pale shingoni kitu kikapanda, kikashuka.

Bwana Afya alikiona. Nikatoa kichupa changu kwa fahari, akanirudishia mfukoni. "Tezi ya huyu inakwenda mbio kupita kiasi. Chumvi haimtibu. Apimwe damu, apewe vidonge, kabla moyo haujachoka."

Shangazi akagoma. Hospitali anaijua: unaingia na miguu yako, unatoka umebebwa. Tena nani aliyemtuma mtu wa kaki amtazame shingo?

Nyuma ya ua wa makuti sauti ikajibu. Bi Zuhura alikuwa anasikiliza muda wote, nami namshuku mpaka leo kuwa ndiyo kazi yake.

"Vaa twende, nitakupeleka mimi. Kama nakuua, unifie hospitali, mbele ya watu."

Shangazi akamtazama weee. Akavaa. Chomboni alikaa mbali naye, lakini walikwenda.

Sasa anameza vidonge, mwili umeanza kurudi. Bi Zuhura humkumbusha kwa kelele, naye huvigeuza kila kimoja kabla hajameza, asije akawa kabadilishiwa.

Juzi nilikwenda kumuaga Shangazi kama mstaafu. Akanipa maji, akaanza kunywa yeye, macho kanikazia. Nikamwuliza mara ya mwisho katika utumishi wangu: chumvi ipo?

"Hamna," akasema, akanifungia ng'onda wa kupelekea nyumbani.

Nilionja mmoja njiani. Chumvi ilinichoma ulimi.