Tulifika Mkolani Jua Limezama

Tulitoka Kisumu kwa sababu moja: binti yetu Kabula, mwenye miaka minane, alikuwa hajaonana na bibi aliyempa jina. Zamani mke wangu Akinyi alikuwa fundi cherehani Mwanza, akapanga chumba kwa Bibi Kabula, mama wa Kisukuma wa Mkolani, pembeni mwa mji, aliyemlea kama mwanawe. Mtoto alipozaliwa, jina halikujadiliwa. Tangu hapo wajina hao wawili walijuana kwa sauti ya simu tu.

Tuliingia Mwanza Ijumaa jioni, tukalala gesti mjini. Jumamosi ndiyo siku pekee tuliyokuwa nayo. Basi la kurudi lilikuwa Jumapili alfajiri, na Jumatatu shule zinafunguliwa.

Saa tatu asubuhi tulikuwa mbele ya Jiwe la Bismarck, lile linalochomoza ziwani. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika: jiwe, kisha Mkolani saa sita. Lakini Kabula aliona boti za kwenda kisiwa cha Saanane, nami nikasema hatutakawia.

Saa saba mchana bado tulikuwa kisiwani, tukitazama pimbi wakijianika juu ya mawe. Masanja, mtoto wa Bibi, akapiga simu.

"Shemeji, mmefika wapi?"

"Tuko Saanane. Tuje sasa hivi?"

"Aa, tembeeni tu. Bibi yupo, amekaa nje anawasubiri."

Akinyi alisema twende. Nikamjibu kwamba mwenyeji mwenyewe ametuambia tutembee. Tulivuka kurudi mjini, tukasubiri sato wa kuchoma, tukala taratibu. Halafu mimi, si mtoto, nikataka kuona soko la dagaa.

Saa moja kasoro tulishuka Mkolani. Jua lilikuwa limezama na barabara imeanza kufifia. Masanja alitupokea getini.

"Wakenya! Kuku amechemka mpaka amesahau kama aliwahi kuwika. Karibuni."

Bibi Kabula alikuwa kwenye kigoda kwenye kona ya mwisho ya ua, upande wa magharibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajina. Sogea. Sogea tena." Akamshika mtoto kidevu, akamgeuza uso kuelekea mahali jua lilipopotelea. Akamkazia macho kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Basi. Limeshaondoka."

Masanja alinivuta pembeni. Macho ya mama yake yalikuwa yanakwisha. Mchana, kwenye jua kali, alikuwa bado anaona sura ya mtu aliye karibu. Giza likianza haoni kitu, na mwanga wa taa unamchoma tu. Tangu saa sita alikataa kuingia ndani kula. Kila kivuli kilipomfikia alihamisha kigoda.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, shemeji? Ungeona nawakatiza matembezi."

Nyuma yetu Bibi alikuwa anapapasa uso wa wajina wake kwa vidole. "Pua ya baba yake hii. Haya, una mwanya?"

"Ninao, bibi."

"Cheka niushike."

Kabula alicheka, na Bibi akaugusa kwa ncha ya kidole. Ua mzima ulicheka. Akinyi alikwenda jikoni na hakutoka haraka.

Tulipoaga, Bibi aliuliza kama tutakuwepo asubuhi. Nilimweleza habari za basi na shule. "Sawa, mwanangu," alisema, wala hakuuliza tena. Siku moja ya shule tungeweza kuikosa. Hilo sikuliwaza pale; nililiwaza tukiwa njiani, lilipokuwa halina faida.

Saa moja asubuhi, tukipita Magu, jua lilikuwa limetanda juu ya mashamba. Kabula alilala ameegemea dirisha, uso wake wote mwangani, hata vinyweleo vya shavu ungeweza kuvihesabu. Akinyi alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Hivi ndivyo alivyotaka kumwona," alisema.

Nilijifunza kwamba mtu anayekusubiri ndiye anayetangulia kutembelewa, na jiwe linafuata. Dereva akaongeza mwendo, nasi tukaendelea kuiacha Mwanza nyuma.