Ngazi ya Mkate ya Zulema

Ukimwendea Nicolasa Zurita leo ukamwagiza keki ya harusi, atakutazama kana kwamba umemwomba akuuzie nyumba. "Hapa ni mkate mmoja tu," atakwambia. "Wa duara, wa ngano, jibini juu. Ukitaka maua ya sukari panda basi uende mjini." Vijana wa Bonde la Juu la Cochabamba humcheka, wanasema bibi huyu anaogopa faida. Waache wacheke. Anachokiogopa anakijua mwenyewe, na wa rika lake wanakijua pia, ila hawakitaji mbele yake.

Tanuri aliachiwa na baba mkwe wake, tanuri la udongo lililochukua nusu ya ua. Alipofiwa na mume angali kijana, aliliendesha kwa kanuni moja ambayo hata mlevi angeishika. Kuni zikishakuwa makaa, unayafagia yote nje, kisha unatupa konzi ya pumba sakafuni mwa tanuri. Pumba zikiwa nyeusi, subiri. Zikiwa rangi ya asali, ingiza. Basi. Hivyo ndivyo alivyomfundisha Eleuterio Vallejos, kijana mrefu mkimya aliyekuja kutafuta kibarua akaishia kuwa mtu wa tanurini, na bonde zima likamwita Fundi.

Balaa la biashara ndogo huanza siku inapoanza kusifiwa. Duka moja kubwa la mjini lilitaka biskuti, Nicolasa akasema ndiyo. Likataka mikate ya zabibu, ndiyo. Akaajiri wanawake wa kukanda, akampa mmoja cheo cha msimamizi, na mwingine akawa msimamizi wa msimamizi. Kanuni zikawa nyingi hata mwenyewe akawa anazisahau.

"Mama, tanuri ni lile lile moja," Fundi alimwambia siku moja.

"Na wewe ni yule yule mmoja, lakini unakula vya wawili!"

Wanawake wakaangua kicheko, na Fundi naye akacheka. Nicolasa alikuwa na ulimi mtamu siku hizo, na alijua kuutumia kukwepa jambo.

Kule bondeni roho za wafu hushuka adhuhuri ya sikukuu ya Watakatifu Wote na kuondoka adhuhuri ya kesho yake. Nyumba iliyofiwa huandaa meza: picha ya marehemu, vyakula alivyovipenda, na mikate. Pana mtoto wa mkate mwenye kijiuso cha plasta, na pana ngazi ya mkate, ambayo roho huiteremkia. Unga wake sharti ukandwe na mikono ya ndugu za marehemu. Kwa hiyo siku ya kuamkia sikukuu kila familia hubeba trei yake hadi tanurini.

Mwaka ule Felipa Orellana, jirani wa Nicolasa wa ukuta kwa ukuta, alileta trei ya binti yake Zulema, aliyekufa kwa homa wakati wa baridi. Ilikuwa meza yake ya kwanza. Wadogo zake Zulema walikuwa wamesaidia kukanda, na alama za vidole vya yule mdogo kabisa zilikuwa bado zinaonekana kwenye ngazi.

"Niangalizie vizuri, jirani," alisema Felipa.

"Kama wangu mwenyewe. Nenda ukapumzike."

Alisema hivyo huku jicho lake liko langoni. Duka la mjini safari hii lilikuwa limeagiza watoto wa mkate makreti kwa makreti, na dereva wa lori alikuwa anapiga honi kama mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe. Fundi akafagia makaa, akatupa pumba. Zikawa nyeusi papo hapo.

"Bado, mama. Linaunguza."

"Ingiza hizo za majirani zitutoke njiani. Nataka nafasi ya mzigo wa duka."

"Mama, pumba nyeusi."

"Fundi! Hapa bosi nani?"

Fundi akaingiza. Trei ya kwanza, iliyokuwa karibu na mkono wake, ilikuwa ya Zulema.

Ngazi ilitoka nyeusi. Mtoto wa mkate alikuwa amepasuka tumbo, na kijiuso chake kimedondoka. Felipa alifika akakuta wanawake wameizunguka trei.

"Nani kafanya hivi?"

Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Taka zote huishia kwake, na ndiyo maana akaitwa mkubwa. Nicolasa alilijua neno hilo tangu utotoni, kwa lugha ya kwao. Akasema, "Fundi alisinzia."

Wote wakageuka. Fundi alikuwa ameshika sepeto la mbao, anamtazama Nicolasa. Alimtazama kitambo, kama anayengoja. Kisha akasema, "Ndiyo, Mama Felipa. Nilisinzia."

Nicolasa alikimbilia kwenye kreti la duka, akachomoa watoto wawili wa mkate, wazuri, mashavu yamepakwa rangi. "Chukua hawa, jirani. Bure."

Felipa aliwatazama. "Hawa ni watoto wa nani?"

Akabeba trei yake iliyoungua, akaenda zake.

Mpaka kesho yake watu walikuwa wamekwisha kumpa Eleuterio jina jipya, naye hakutokea tanurini. "Fundi Mlala! Mto umeuacha wapi?" Nicolasa alizisikia kelele hizo akiwa ndani, na kila kicheko kilimwingia kama mwiba. Kengele za adhuhuri zilipolia, roho zikishuka, alikaa jikoni, akaisukuma sahani kando. Aliona haya. Haya ya kweli, ile inayomfanya mtu asitake hata kujiangalia mikono. Mtoto wa watu anateremkia nini? Watu walizunguka nyumba kwa nyumba kuwaombea wafu, na kila aliyeomba alipewa mkate, ndiyo desturi. Yeye alizunguka kote, akaruka mlango mmoja.

Siku ya pili, adhuhuri ikikaribia, akaona kwamba roho ya Zulema itaondoka haijaambiwa kitu. Akajifunga shali akatoka.

Kwa Felipa alimkuta Fundi amepiga magoti mbele ya meza, anamwombea Zulema. Alikuwa amekuja kuomba radhi kwa usingizi ambao hakuulala. Na katikati ya meza, mbele ya picha, Felipa alikuwa ameisimamisha ngazi ile ile nyeusi.

"Ndiyo yake," Felipa alisema. "Wadogo zake ndio walioikanda."

"Felipa, huyu hakulala," Nicolasa akasema. "Aliniambia bado. Mimi ndiye niliyemlazimisha, kwa ajili ya lori. Halafu nikamsingizia."

Felipa hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Alinyoosha kidole kwenye picha. "Usiniambie mimi. Mwambie aliyeteremka."

Basi Nicolasa Zurita, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, akasimama mbele ya picha ya mtoto wa shule mwenye mikia miwili ya nywele, akarudia yote, sentensi kwa sentensi, akilia. Kisha akapiga magoti akaomba. Alipoinuka, Felipa alivunja kipande cha ngazi akampa.

"Umeomba. Kula."

Alikula chote. Kilikuwa kichungu kama dawa, na hakuna aliyemwambia inatosha.

Nje uani alimfuata Fundi. "Maagizo ya duka nimeyakataa yote asubuhi hii. Nitarudia mkate wetu mmoja. Na nyumba kwa nyumba nitapita kuwaambia watu ukweli. Utarudi?"

"Nitarudi, mama. Tanuri nalipenda."

"Nisamehe, Eleuterio."

Fundi alizungusha kofia mikononi. "Kusingiziwa nimezoea, ni mambo ya kazi. Kilichoniuma ni jinsi lile neno lilivyotoka upesi. Hukulitafuta hata kidogo, mama. Lilikuwa tayari mdomoni."

Nicolasa akafungua kinywa kukana. Akaona kwamba hata hilo lilikuwa linamtoka upesi. Akanyamaza.