Upupu Niliomwaga Maulidini

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema, ndugu msomaji, usije ukamwonea huruma mtu asiyestahiki.

Haya yalitokea hapa Bagamoyo, zama za Mwingereza, nami kijana mwenye nguvu. Kazi yangu ilikuwa kukwea minazi na kuangua nazi. Nilikuwa nimepeleka posa kwa mzee mmoja fundi seremala, namtaka binti yake. Nimwite Mwanaidi. Jina si lake, lakini nilimpenda kweli!

Jibu likakawia. Mwezi, miezi miwili. Kumbe jirani yangu, nimwite Shomari, naye alimtaka Mwanaidi, na alikuwa amemnong'oneza mzee: "Yule hafuati nazi huko juu. Anagema tembo, analinywa huko huko, hateremki mpaka limpungue kichwani."

Mimi! Ladha ya tembo siijui mpaka leo, alhamdulillahi.

Nikamwendea mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, nalia kwa hasira. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. "Mzee akikuuliza, sema kweli," akaniambia. "Asipokuuliza, angua nazi zako. Haki yako iko kwa Mungu, naye hakukuomba umsaidie."

Nikaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Kisha nikapitia kichakani kuchuma upupu.

Astaghfirullah! Nasoma dini tangu utotoni, na hayo ndiyo niliyoyafanya!

Alasiri ya maulidi mtaani kwetu nilipewa mrashi niwanyunyizie watu marashi. Shomari alikaa mbele, penye mto wa kuegemea. Kisomo kilipofika mahali pa kusimama, watu wote wakainuka, wengi wamefumba macho. Mkono wa kulia ukanyunyiza marashi. Wa kushoto ukakung'uta upupu juu ya jamvi lake. Viganja vya mkwezi ni sugu, havikuhisi kitu. Moyo ukacheka.

Kabla watu hawajakaa, akaingia mzee seremala, amechelewa. Shomari, kwa adabu ambayo sikujua kama anayo, akamwita, "Shikamoo, baba. Njoo ukae hapa."

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa! Nilitaka kumzuia. Ningesema nini?

Mzee akaanza kujisogeza taratibu. Halafu akajikuna kiuno. Halafu akaruka, amekusanya kanzu kwa mikono miwili, naye ni mtu mzito asiyeharakisha hata mvua ikimnyeshea. Nyuma huko kasida ikawakatikia watu kwa kicheko.

"Upupu huu!" mtu akapiga kelele. "Nani kaleta upupu maulidini?"

Wakatazamana. Mwingine aliyekuwa anajikuna mle ndani nilikuwa mimi. Upupu uliosalia mfukoni ulikuwa umenipenya pajani, na paja si kiganja! Niling'ata midomo, nikajikaza, wallahi haikuwezekana.

Mzee alipelekwa uani, akapakwa majivu. Nikamfuata, nikapiga magoti, nikakiri yote, hata niliyemkusudia nikamtaja.

Akanitazama sana. "Jana nilikwenda kule shambani unakoangulia," akasema. "Nimezunguka mnazi mmoja mmoja. Sikuona kibuyu cha kugemea tembo, sikuona karara lililokatwa. Nikajua nimedanganywa. Leo nilikuja kumwambia baba yako aje achukue jibu."

"Jibu gani, baba?"

"Lilikuwa ndiyo."

Lilikuwa!

"Mlevi," akaendelea, huku bado anajikuna, "tembo humtoka asubuhi. Hili lako litakutoka lini? Nimekusamehe, mwanangu. Lakini binti yangu simpi mtu ambaye siku akiudhiwa na mkewe atakwenda kichakani."

Shomari naye hakumpata. Mzee alirudi ndani, akamtolea uongo wake mbele ya watu wote, akakosa pa kuuweka uso. Mungu alikuwa amekwisha kunisafisha tangu jana yake, mimi bado nachuma upupu!

Mwanaidi akaolewa Saadani. Mimi baadaye niliruzukiwa mke mwema, namshukuru Mungu kwa kila siku niliyokaa naye. Lakini ile "ndiyo" ya kwanza niliiharibu kwa mkono wangu mwenyewe, na nilikaa miaka siwezi kupita mbele ya karakana ya yule mzee.

Basi wewe unayesoma haya, na kuna mtu unamwandalia lake, nakusihi ungoje kidogo. Huenda hivi sasa yuko mtu anakagua minazi yako, nawe hujui.